Nani Anamudu Kuwa Mbunge wa Jimbo?

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde umeya wa New York mwezi Novemba 2025, wachambuzi wamekuwa wakilitaja Bunge la Jimbo alikotoka kana kwamba ni kituo cha kubadilishia basi tu. Obama naye alisimuliwa hivyohivyo: miaka yake katika Seneti ya Illinois, 1997 hadi 2004, hurukwa haraka ili tufike Washington. Lakini ni huko Springfield, mwaka 2003, alikosimamia sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji, akawasikiliza polisi walioipinga mpaka Seneti ikaipitisha bila kura ya hapana. Hiyo ni kazi kamili, na kazi hulipwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hulipwa dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili. Kiwango hicho kimo kwenye katiba ya jimbo tangu 1889. Texas hulipa dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. Kikao chenyewe huanza Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili na huweza kufika siku 140. Mwalimu wa El Paso atamwomba nani ruhusa ya kuliacha darasa kwa miezi mitano na kwenda Austin? Wakili mwenye ofisi yake ataweza, mfugaji tajiri ataweza, mstaafu pia. Dereva wa lori hawezi, hata wapiga kura wampende vipi. Bunge la New York, kwa upande wake, hulipa dola 142,000 kwa mwaka.

Najua wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wana hasira na mishahara ya wabunge wao, na hasira hiyo ni ya haki. Wabanwe kwa ukubwa wa malipo na kwa usiri wa kujipangia. Lakini ujira usiotosha hauzai uadilifu. Huwachuja maskini kabla ya kampeni kuanza.

Katika toleo hili, makala inayotetea ukomo wa mihula ya wabunge nimeichapisha bila kuipunguza, ingawa siafiki. Mwandishi anamtaja Michael Madigan, spika wa Illinois kwa miaka 36, aliyetiwa hatiani kwa rushwa mwaka 2025, na mfano huo ni mzito. Hata hivyo, dawa ya tatizo hilo ni kupunguza mamlaka ya spika. California ilipoweka ukomo mkali mwaka 1990, wabunge walilazimika kuondoka wakiwa ndio kwanza wameielewa bajeti, huku washawishi wa makampuni wakibaki na uzoefu wao wote. Mwaka 2012 wapiga kura wenyewe waliulegeza, wakaruhusu miaka 12 katika bunge moja.

Kuna pia makala fupi kuhusu Nebraska, yenye chumba kimoja cha bunge tangu 1937, na nyingine kuhusu Barbara Jordan, aliyeingia Seneti ya Texas mwaka 1967 akiwa Mweusi wa kwanza tangu 1883.

Kwa kila mbunge mtakayemsoma humu, ulizeni: alipokuwa akitunga sheria, kodi yake ya nyumba ililipwa na nani?