Mkaa Usiotoa Moshi Nao Unaua

Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haujui likizo. Juni na Julai baridi ya usiku hukata kweli, na maneno kuhusu moto huzagaa. Mengi hayafai.

"Mkaa ukishaiva na moshi ukaisha, ingiza jiko chumbani ulale." Hili ndilo linalonitisha. Mkaa mwekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta pumzi, lakini mwili hauipati hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hazisikii, akafia usingizini. Wapo wanaojitetea kwamba dirisha waliliacha wazi kidogo. Kidogo kiasi gani? Oteni moto uani, kisha ingieni mlale. Jiko libaki huko huko.

"Bila moto ndani, watoto wataganda." Ukuta mnene wa tembe na paa lake la udongo hufyonza joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Bati hupoa jua likizama tu. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati aweke dari na anunue mablanketi.

"Kuni mbichi hukaa sana motoni, hivyo zinabana matumizi." Zinakaa kwa sababu haziwaki. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hauna budi kuyakausha kwanza. Katika mkoa ambao ndoo ya maji hutafutwa mbali, ni ajabu kununua maji ya kuchoma.

"Zifunike turubai gubigubi zikauke." Zitaota ukungu. Zichanje, zipange juu ya mawe zisiguse udongo (mchwa nao wana njaa), ufunike juu tu, pembeni upepo upite. Kiangazi chetu kirefu hufanya kazi hiyo bure. Anayesubiri mvua za Desemba amechelewa.

"Serikali imeshapiga marufuku kuni." Katazo limezihusu taasisi zinazolisha watu wengi, kama shule na magereza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni lengo. Rundo la kuni nyuma ya nyumba yako si kosa. Kosa ni kuzikata katika msitu wa hifadhi bila kibali.