Anayeitwa mzembe huenda haoni ubao

Nafundisha darasa la nne huku Bomet, shule iliyozungukwa na mashamba ya chai. Kila muhula nampata mtoto anayekunja macho akitazama ubao, na mwingine mwenye sikio linalotoa usaha, asiyeitika akiitwa kutoka nyuma. Wenzao huwaita wazembe. Mama zao wako shambani wakichuma chai kwa malipo ya kilo; kumpeleka mtoto hospitali ya Tenwek ni kupoteza ujira wa siku.

Kwa hiyo upimaji uje shuleni. Kaunti ya Trans Nzoia imetuonyesha njia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, shule 50 zilihusika. Kule walimu walikopima macho kwa simu na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi, asilimia 54 ya watoto waliogunduliwa na tatizo walifika hospitalini. Kwingine, walikotumia njia ya kawaida, ni asilimia 22 tu.

Kaunti yetu ya Bomet na jirani yake Kericho zisikomee kwenye kupima na kupiga picha. Mwalimu afunzwe, mzazi akumbushwe, masikio yaangaliwe siku hiyo hiyo, na miwani ilipiwe na kaunti. Barua ya rufaa isiyo na nauli haimtibu mtoto.