Kobalti Haisubiri Bajeti

Wanafunzi wengi wa tiba hukariri kanuni ya nusu-maisha kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Yafaa waifunzwe kando ya mashine ya tiba ya mionzi. Kiini cha kobalti-60 kinapogeuka kuwa nikeli-60 ndipo hutoa mionzi inayoua seli za saratani. Kila baada ya miaka 5.27, nusu ya viini hivyo huwa imekwisha. Mgonjwa aliyemulikwa dakika 2 sasa atahitaji dakika 4 kupata dozi ileile, na foleni mlangoni hurefuka. Joto, baridi wala amri ya mkubwa havizuii mabadiliko hayo. Tarehe ya kununua kobalti mpya hukokotolewa tangu siku mashine inapofungwa. Hospitali inayochelewa haina udhuru.