Pesa haijibu swali la «Wewe wa wapi?»

Mtoto anayekulia Himbi, mtaa wa Goma kando ya ziwa, anajua jenereta, mlinzi getini na shule ya kulipiwa kwa dola. Akiwa wa familia ya Kinyarwanda iliyotajirika kwa ng'ombe wa Masisi au kwa biashara, kuna jambo asiloambiwa nyumbani: iko siku pua yake itasomwa kabla ya jina la baba yake. Wazazi huona kunyamaza ni kumlinda. Historia yetu inawakatalia.

Barthélémy Bisengimana aliongoza ofisi ya Rais Mobutu kuanzia 1969 hadi 1977, na Mnyarwanda gani wa Kongo alikuwa karibu na enzi kuliko yeye? Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Wenye uwezo, yeye akiwemo, wakachukua mashamba yaliyoachwa na walowezi. Miaka minne baada ya yeye kuondoka, sheria ya 1981 ikaufuta uraia huo na kudai asili ya kabila lililokuwa nchini 1885. Hati za shamba zilikuwa bado kabatini. Mwenye shamba ndiye aliyegeuka mgeni. Sheria ya 2004 ikausogeza mwaka hadi 1960, ila mitaani hakuna anayeuliza sheria.

Kwamba pesa haimkingi mtoto, Wamarekani weusi wenye mali walilitambua mapema. Mwaka 1938, huko Philadelphia, akina mama wao walianzisha chama cha Jack and Jill, ili watoto wao wakutane na wenzao na wasijione peke yao. Chama hicho kimelaumiwa kuwa klabu ya wateule, na lawama hiyo ina haki. Kwetu klabu ya kabila moja ingekuwa petroli. La kuiga ni ile nia ya kumwambia mtoto mapema.

Nitaambiwa kwamba mambo yakiharibika tajiri huvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na maskini wa mtaa wa Majengo ndiye anayebaki kuumia. Ni kweli. Lakini huyu wa Himbi ndiye atakayerithi ardhi na wafanyakazi, na akifundishwa kwamba pesa ni ngao, kesho atanunua ulinzi kwa yeyote mwenye bunduki. Wengine watasema mazungumzo haya hupanda chuki. Chuki inafundishwa tayari, bure, na bila tarehe. Tena sheria hizo tatu si somo la mtoto wa Mnyarwanda pekee: mtoto wa mfanyabiashara Mnande au Mhunde anakaa naye dawati moja, na huenda yeye ndiye atakayeuliza swali lile.