Shairi Lililoporwa Mahadhi Yake

Robert Burns (1759–1796) husomwa vyuoni kama mshairi mkuu wa Uskoti. Usomaji huo una kasoro ya msingi: sehemu kubwa ya tungo zake hazikuandikwa zisomwe kimya, bali ziimbwe. Burns aliyachukua mahadhi ya kale ya watu wa kawaida, akayatungia maneno. Mkusanyiko wa James Johnson, uliofikia juzuu 6 na nyimbo 600, ulijengwa kwa jasho lake, naye hakudai malipo.

Baadaye wachapishaji wengi waliyabeba maneno, wakayaacha mahadhi. Hapo ndipo kazi ya kurekodi inapopata uzito wake. Serge Hovey, mtunzi wa muziki wa Marekani, alitumia miaka mingi kuyatafuta mahadhi aliyoyakusudia Burns, na Jean Redpath akaziimba nyimbo hizo. Hovey alifariki mwaka 1989, na kazi yao ikakomea kwenye albamu 7. Kampuni ya Linn ya Uskoti ilikuja kuzirekodi nyimbo zote katika albamu 12.

Wapo watakaouliza: nyimbo za miaka 200 zina kazi gani katika siasa? Burns alikuwa afisa wa ushuru, yaani mtumishi wa umma. Desemba 1792 waajiri wake waliagiza achunguzwe kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Mwaka 1795 wimbo wake wa usawa wa binadamu, unaokejeli vyeo na nasaba, ulichapishwa gazetini bila jina lake. Tarehe 1 Julai 1999, Bunge la Uskoti lilipofunguliwa rasmi, Sheena Wellington aliuimba wimbo huohuo mbele ya Malkia Elizabeth, na wabunge wakaupokea ubeti wa mwisho. Kauli ambayo mtumishi hakuweza kuitia saini ikawa sauti ya taifa. Kitabu peke yake kisingeweza kulifanya hilo, kwa kuwa wimbo hupokewa na wale wanaoujua kwa sikio.

Hoja yangu ni kwamba kuihifadhi sauti ni wajibu wa umma. Soko hurekodi kinachouzika leo. Halina subira ya kungoja kitakachohitajika kesho. Tangu 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kimekuwa na taasisi ya taaluma za Uskoti, ambayo watafiti wake walibeba vinasa sauti hadi kwa wakulima na jamii za wasafiri, wakawarekodi waimbaji ambao hakuna kampuni iliyowajali. Leo maelfu ya rekodi hizo husikilizwa bure kupitia mtandao wa Tobar an Dualchais.

Sisi ambao utenzi wetu hughaniwa tulipaswa kulielewa hili upesi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya ushairi bila kuisikia sauti ya mghani anachambua nusu ya kazi. Na afisa wa bajeti anayeifuta fedha ya nyaraka za sauti ajue kwamba mghani akifa kabla ya kurekodiwa, hakuna bajeti ya nyongeza itakayomrudisha.