Tetemeko Lenyewe Ndilo King'ora
Barua ya wazi kwa Mkurugenzi, Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu



Usiku wa Agosti 12, 2020, saa 2 na dakika 13, nilikuwa ghorofa ya tatu, Msasani. Madirisha yalilia, chai ikamwagika kwenye sahani, tukashuka ngazi peku na watoto mgongoni. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6, lililoanzia chini ya bahari, si mbali na jiji. Kila mtu alitafuta mahali pa wazi, na mahali pa wazi palipokuwa karibu ni ufukwe. Tukasimama mchangani tukitazama maji.

Bahari haikuja. Lakini tangu usiku ule sijaacha kuifikiria Palu, Indonesia. Pale mabamba ya ardhi hayapandiani. Yanapishana ubavu kwa ubavu, kama majahazi mawili yanayokwaruzana bandarini. Wengi waliamini ufa wa namna hiyo hauinui maji. Septemba 28, 2018, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilitikisa ghuba ya Palu, kingo za pwani zikaporomoka baharini, na mawimbi yakafika ndani ya dakika chache. Ufukweni watu walikuwa wamekusanyika kwa tamasha. Zaidi ya 4,000 walikufa katika maafa yale.

Nasi tuna ufa wetu. Ufa wa Davie unapita chini ya bahari kutoka Msumbiji hadi mbele ya pwani yetu. Ndio ambao Madagaska iliteleza kando yake kwenda kusini, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Sisemi utafanya kama wa Palu. Siku hizi sakafu ya bahari huku inavutwa zaidi kuliko inavyopishana. Ila haijatulia.

Tsunami ya Sumatra ya 2004 ilisafiri saa nyingi kabla ya kutufikia. Kwa wimbi la mbali kama lile, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ina muda wa kumfikia mvuvi. Kwa wimbi la karibu, hakuna ujumbe wa simu utakaowahi.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Pale Feri, Kunduchi, Bagamoyo, Kilwa Kivinje na Mikindani, wekeni mabango, na wajumbe wa mitaa wawafundishe wavuvi na mama lishe maneno haya: ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, acha boti, acha samaki, panda mahali pa juu, wala usingoje kuambiwa.