AKIBA YA JUA

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa umeme wa jua ni umeme wa mchana tu, na ya kuwa jua likichwa mwenye kutaka taa hana budi kurudia mafuta au makaa. Dhana hiyo si kweli, nayo yaweza kuitia Afrika hasara, kwani humfanya mnunuzi atazame bei ya mtambo peke yake, asiulize umeme wake utapatikana saa ngapi.

Na tutazame Ouarzazate, katika nchi ya Moroko, ukingoni mwa jangwa. Huko viko vituo vitatu, cha kwanza kikiwa kimefunguliwa mwaka 2016, ambavyo havitumii vile vibao vinavyogeuza mwanga kuwa umeme papo hapo. Vyatumia joto. Katika viwili, vioo virefu vilivyopinda mfano wa mfereji hulifuata jua tangu asubuhi hata jioni, na kuikusanya miali yake juu ya bomba lenye mafuta. Mafuta hayo hupata joto la nyuzi karibu 400, huchemsha maji, na mvuke huuzungusha mtambo wa umeme sawasawa na mvuke wa makaa. Katika kituo cha tatu, maelfu ya vioo hupeleka miali kwenye kilele cha mnara mmoja, na huko chumvi iliyoyeyuka hupata joto la zaidi ya nyuzi 500.

Chumvi ndiyo akiba yenyewe. Kama mafiga yanavyobaki ya moto baada ya kuni kwisha, ndivyo chumvi iliyomo katika matangi makubwa inavyotunza joto la mchana. Kituo cha kwanza chaweza kuendelea saa 3 bila jua, na viwili vilivyofuata kiasi cha saa 7. Hivyo watu wawashapo taa na kupika chakula cha jioni, kazi ya jua ingali yaendelea.

Wapinzani husema ya kuwa mitambo hii ni ya ghali. Ni kweli, vibao na betri vimeshuka bei sana. Tena vioo hivi hutaka anga safi isiyo na mawingu, na mwaka 2024 tangi la chumvi la kituo cha tatu lilivuja, kikasimama kwa miezi mingi. Hata hivyo, si haki kulinganisha umeme wa saa sita mchana na umeme wa saa mbili usiku. Apimaye kwa haki na apime vibao pamoja na betri zake, kisha vioo pamoja na chumvi yake.

Tusisahau Maadi, karibu na Cairo. Mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alijenga huko mtambo wa vioo uliovuta maji ya Mto Nile kwa ajili ya mashamba. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, mafundi waliondoka na mtambo ukavunjwa. Jua la Misri lilibaki palepale, lakini ujuzi ulikuwa umeondoka.

Kwa hiyo twasema: kila serikali ya Afrika inayotaka kununua umeme wa jua iulize kwanza mambo mawili. Je, umeme huo utakuwapo usiku? Na mtambo ukiharibika, ni vijana wetu gani watakaoutengeneza? Akiba haiozi, lakini yahitaji mtunzaji.